Kuondoa Rangi na Kurudisha Rangi

Msomaji kijana, tuanze na jambo dogo liwezalo kutokea katika nyumba yo yote ya Meru au Embu. Wageni wa posa wanatazamiwa siku ya Jumamosi, na watu wote wa nyumba wamo katika shughuli. Ijumaa asubuhi kikombe cha chai chamwagika juu ya zulia la sebuleni. Wewe, kwa nia njema ya kumsaidia mama, wakumbuka kuwa ile dawa ya kung'arishia nguo, ambayo watu wengi wa Kenya huiita jiki, iliondoa doa la chai katika shati lako jeupe la shule. Waichukua chupa, wamimina kidogo, wasugua. Doa la chai latoweka, nawe wafurahi. Lakini kabla furaha yako haijatulia, zulia lililokuwa la rangi ya damu ya mzee laonyesha baka la rangi ya chungwa, upana wa kiganja. Kisha baka lazidi kufifia, likawa la manjano. Walisugua kwa sabuni, halitoki. Waliosha kwa maji ya moto, halitoki.

Kwa nini halitoki? Jibu lake ni fupi. Halitoki kwa sababu hakuna kitu cha kutoka. Doa la chai ni kitu kilichoongezwa juu ya zulia, nacho chaweza kuondolewa. Doa la dawa ni kitu kilichoondolewa katika zulia. Na kilichoondolewa hakioshwi, hurudishwa. Mtu asiyeijua tofauti hiyo hupoteza siku nzima akisugua, na kusugua kwake huongeza hasara. Mtu aijuaye hujua pia mahali pa kuanzia kazi ya kutengeneza.

Elimu hii ndogo ina historia ndefu. Itatutoa kwa muda katika miteremko ya Mlima Kenya na kutupeleka Ulaya, mahali dawa hii ilipopatikana. Kisha itaturudisha nyumbani, kwa wasukaji na wafumaji wetu, na mwisho tutarudi sebuleni, mbele ya baka lile.

Zamani kung'arisha nguo ilikuwa kazi ya subira. Katika nchi za Ulaya kitambaa cha kitani kilipotoka mtamboni kilikuwa na rangi ya majani makavu. Ili kiwe cheupe kililowekwa katika maji ya majivu, kikaoshwa, kikatandazwa juu ya majani ya uwanda kupokea jua na umande kwa wiki nyingi. Kisha kikalowekwa katika maziwa yaliyochacha, kikaoshwa, kikatandazwa tena. Kazi hiyo iliweza kuchukua nusu mwaka, na mashamba makubwa yalikaa bila mazao, yamefunikwa kwa nguo tu. Mwaka 1756 Francis Home, tabibu wa Scotland, alieleza kuwa maji yenye asidi kali kidogo yaweza kutumika badala ya maziwa, na kazi ikafupika. Lakini jua na uwanda vilihitajiwa bado.

Mwaka 1774 Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu wa dawa wa Sweden, alitengeneza hewa ya rangi ya manjano yenye harufu ya kukaba koo. Alitambua jambo la ajabu, kwamba hewa hiyo iliondoa rangi ya maua na majani, na rangi hiyo haikurudi. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza aliipa hewa hiyo jina la klorini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi iliyo kati ya manjano na kijani. Lakini hata kabla haijapewa jina hilo, ilikuwa imekwisha kupata kazi. Mwaka 1785 Claude Louis Berthollet wa Ufaransa alionyesha kuwa yaweza kung'arisha nguo. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow alipewa hati ya kutengeneza unga wa chokaa ulionyweshwa klorini. Unga huo uliweza kuwekwa ghalani, kuuzwa na kusafirishwa. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku chache, na mashamba yaliyofunikwa kwa nguo yakarudishwa kwa mifugo na nafaka.

Dawa hii haikuleta weupe wa nguo tu. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi wake kunawa mikono kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama waliokuja kujifungua, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia dawa ya klorini katika maji ya kunywa ya mji mzima, na miji mingi ikafuata mfano huo. Na ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi, mwaka 2020, chupa ya dawa hii ilionekana katika nyumba nyingi, mijini na mashambani. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa naitukana. Ni mtumishi mwema, lakini hana macho. Hatofautishi doa la chai na rangi ya zulia; akiambiwa aondoe, huondoa vyote viwili.

Tena mtumishi huyu ana upanga. Tarehe 22 Aprili, 1915, katika vita vikuu vya kwanza, jeshi la Ujerumani liliiachilia hewa ya klorini karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, na watu wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Naitaja habari hii kwa sababu inahusu sebule yako. Mtu aliyetia dawa juu ya zulia mara nyingi hushawishika kutia siki au maji ya ndimu, akidhani kuwa kikali huzimwa kwa kikali. Hasha! Dawa ya kung'arishia ikikutana na siki, au ndimu, au dawa kali za kusafishia choo, hutoa hewa ile ile ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa hewa nyingine ya sumu. Zulia lililopauka laweza kutengenezwa, lakini pafu lililoungua si rahisi kutengenezwa. Usichanganye kamwe, na kama mtu amekwisha kuchanganya, funguo za madirisha na milango na zitumike kwanza, watu watoke nje, ndipo mengine yafuate.

Hayo ndiyo mambo ya kuondoa rangi. Sasa tutazame upande wa pili, yaani kutia rangi. Kwa maelfu ya miaka rangi zilitoka katika mizizi, magome, majani, udongo na wadudu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, alipata maji ya rangi ya zambarau yaliyoshika vizuri katika hariri. Hiyo ikawa mlango wa rangi za viwandani. Mwaka 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaanza kupoteza soko. Tangu hapo kila kitambaa cha bei ndogo kiliweza kupata rangi kali ya kupendeza.

Je, zulia lenyewe lilifikaje Meru na Embu? Jina lake lilitufikia kwa njia ya pwani, kutoka kwa Waarabu na Waajemi, na kwa muda mrefu lilikuwa pambo la misikiti na la nyumba za wenye mali. Watu waliokaa chini ya Mlima Kenya hawakulihitaji. Sakafu zao zilikuwa za udongo, nao walilalia ngozi. Katika miaka ya 1930 wakulima Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walianza kuruhusiwa kupanda kahawa, zao lililokuwa limewekwa kwa ajili ya walowezi. Fedha za kahawa, na baadaye za chai, na mishahara ya walimu na makarani, zilibadili nyumba. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mabati yalizidi kuenea, sakafu ya saruji ikafuata, na juu ya saruji, ambayo ni baridi sana katika vilima vya Imenti na Manyatta wakati wa Julai, zulia likapata kazi ya kweli.

Wakati huo huo zulia lenyewe lilikuwa limebadilika. Kusuka zulia kwa mkono, fundo baada ya fundo, ni kazi ya miezi au miaka. Katikati ya karne ya 20 viwanda vya Marekani, hasa katika mji wa Dalton, jimbo la Georgia, vilianza kutumia mashine zenye sindano nyingi zilizochoma nyuzi katika kitambaa cha chini mamia kwa wakati mmoja, na nyuzi hizo zikashikizwa kwa gundi. Uzi wenyewe mara nyingi ulikuwa wa nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935. Zulia likawa kitu kiwezacho kununuliwa kwa fedha za mavuno ya msimu. Lakini angalia: kitu kilichopatikana kwa msimu mmoja wa jasho si kitu cha kutupwa kwa sababu ya baka la upana wa kiganja.

Usidhani kuwa watu wetu waliingojea meli ya Ulaya ili wajue rangi. Akina mama wa nchi zizungukazo Mlima Kenya walisuka vyondo kwa nyuzi zilizotoka katika magome ya miti na vichaka. Mkonge, ambao uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893, uliwaongezea uzi mpya, wakaupokea. Nyuzi walizitia rangi kwa kuzichemsha pamoja na magome, mizizi na majani. Na waliotaka weusi wenye kudumu walizizika katika matope. Mafunzo ya kemia yaeleza sababu: magome mengi yana kitu kikali kiitwacho tanini, na matope mengi yana chuma, na viwili hivyo vikikutana ndani ya uzi huzaa weusi usiooshwa kwa urahisi. Msukaji wa kiondo hakuyajua majina hayo. Aliijua kazi. Alijua kuwa uzi mmoja hukubali rangi na mwingine huikataa. Kuwa rangi ya uzi mbichi hudanganya mpaka uzi ukauke. Na kuwa rangi huongezwa kidogo kidogo, maana iliyozidi ni shida kuipunguza.

Elimu hii haijafa. Mjini Nanyuki, karibu na mpaka wa Meru, kiko kikundi cha akina mama kiitwacho Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970. Husokota sufu ya kondoo kwa mkono, huitia rangi, na kufuma mazulia na mablanketi. Mtu awezaye kusokota uzi, kuutia rangi na kuufuma, huyo ana mikono iwezayo pia kutengeneza zulia lililoharibika. Kwa maana kutengeneza ni kuirudia kazi ile ile ya mwanzo katika mahali padogo.

Sasa turudi sebuleni. Ikiwa dawa imemwagika sasa hivi, kazi ya kwanza ni kuizuia isiendelee. Dawa hii haiachi kuvunja rangi mara inapoguswa na kitambaa. Huendelea maadamu ipo na kuna unyevu. Fungua madirisha. Mimina maji baridi kidogo kidogo, kisha kandamiza kwa kitambaa safi kikavu ili kiyanywe. Usisugue, maana kusugua huipeleka dawa mbali na chini zaidi. Rudia mara nyingi. Ipo pia chumvi iitwayo sodiamu thiosalfeti, iliyoelezwa na John Herschel wa Uingereza mwaka 1819, ambayo viwanda vya nguo na karatasi viliitumia zamani kuzima mabaki ya klorini. Kama wasoma kemia katika shule ya sekondari, yamkini umeiona mezani pa maabara. Wafugaji wa samaki wa mapambo huitumia pia kuondoa klorini katika maji ya bomba. Chumvi hiyo kidogo ikiyeyushwa katika maji ya vuguvugu na kupakwa juu ya baka huizima dawa iliyosalia, kisha mahali hapo huoshwa tena kwa maji. Jambo hili ni la lazima, kwa maana rangi mpya ikitiwa juu ya dawa iliyo hai, nayo italiwa kama ya kwanza.

Kazi ya pili ni kuujua uzi. Chukua vinyuzi viwili vitatu kutoka pembeni mwa zulia, mahali pasipoonekana. Vitie majini: uzi wa polipropilini ni mwepesi kuliko maji, nao huelea. Zulia la namna hiyo mara nyingi halidhuriwi na dawa hii, maana rangi imo ndani ya uzi tangu kiwandani. Na kwa sababu hiyo hiyo halikubali rangi mpya. Kisha, mbele ya mtu mzima, nje ya nyumba, choma kinyuzi kimoja kwa kibano. Sufu hunuka kama unywele ulioungua na kuacha majivu yavunjikayo. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Sufu na nailoni zote mbili hukubali rangi za namna moja, zile zitiwazo pamoja na asidi hafifu kama siki. Sasa siki ina ruhusa ya kuja, kwa kuwa dawa imekwisha kuoshwa na kuzimwa. Kabla ya hapo ilikuwa adui. Tena vuta uzi uliopauka. Ukikatika mara moja, dawa imekula mwili wake pamoja na rangi. Hivyo ndivyo huwa kwa sufu hasa, kwa kuwa dawa hii huuyeyusha uzi wa mnyama. Hapo rangi haifai kitu. Uzi wenyewe lazima ubadilishwe.

Kazi ya tatu ni kurudisha. Rangi ya zulia aghalabu ni mchanganyiko wa nyekundu, manjano na buluu. Mara nyingi buluu hufa kwanza, ndiyo sababu baka likawa la rangi ya chungwa. Kwa hiyo fundi haangalii ni rangi gani aionayo, bali ni rangi gani aikosayo. Huyeyusha rangi iliyo hafifu mno, huijaribu pembeni, huigusisha juu ya nyuzi kwa kitambaa au brashi ndogo, huanza na ile iliyokosekana zaidi, kisha huacha pakauke kabla ya kuhukumu. Hurudia mara tatu, nne, hata tano. Huu ndio ule ule uangalifu wa msukaji wa kiondo.

Ikiwa nyuzi zimekufa, hutumia mkasi na sindano. Hukata nyuzi mbovu karibu na kitambaa cha chini, akashona nyingine zilizotolewa chini ya kabati au pembeni mwa zulia lile lile. Baka likiwa kubwa, hukata kipande kizima, akakipima kingine cha kadiri ile ile kutoka mahali pasipoonekana, akakibandika kwa gundi, akiangalia nyuzi zilale upande mmoja na wenzake. Maana zikilala kinyume, mwanga hulifichua kosa hata kama rangi ni sawa.

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, rangi ile iliyoondoka haitarudi yenyewe, wala hakuna dawa ya kuiita. Itakayorudi ni nyingine, na jicho kali litaiona tofauti yake ndogo. Wanadamu walijifunza kufupisha kazi ya kuondoa rangi kutoka nusu mwaka hadi saa moja. Kazi ya kuirudisha ingali ya mkono, ya macho na ya subira, kama ilivyokuwa kwa bibi zetu.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko zulia. Katika nyumba nyingi baka likionekana, aliyelifanya husogeza kigoda juu yake na kunyamaza. Na siku kigoda kinapoondolewa, lawama humwangukia msichana wa kazi, ambaye hana wa kumtetea, naye aweza kupoteza kazi yake kwa kosa asilolijua. Kumbuka yale uliyoyasoma. Chini ya kigoda dawa haikulala. Kila saa ya kuficha ni saa ya kuliwa kwa uzi, mpaka kile ambacho kingepona kwa maji baridi ya asubuhi kihitaji mkasi jioni. Basi ikikupata, msomaji kijana, mwite mama upesi, useme, "Mama, nimemwaga mimi." Kisha ulete ndoo ya maji baridi.